Duka la Babu Limo Ndani ya Flashi

Mwaka ule dhahabu ilipowatia watu wazimu, kila penye jiwe palichimbwa. Wachimbaji walifika mpaka kata ya Turwa, wakapenya chini ya msingi wa duka la mawe ambalo babu yake Mwanne alilijenga alipokuja Tarime kufanya biashara. Dhahabu hawakupata hata punje, na mvua ya kwanza ikalilaza duka zima chini. Halmashauri ilikubali lijengwe tena kama lilivyokuwa, kwa kuwa lilikuwa jengo la kumbukumbu, mradi mchoro wake uletwe kabla ya Ijumaa. Usipoletwa, kiwanja angepewa mtu wa karasha, asage mawe ya dhahabu pale. Sasa ilikuwa Jumatano asubuhi. Mwanne alikuwa kwenye benchi lake la kahawa, akitazamana na kifusi, birika likiwa juu ya makaa. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga flashi ya marehemu kaka yake Faridu, mchora ramani aliyewahi kulichora duka lile.

— Wamesemaje pale steshenari? aliuliza Mzee Hamidu, fundi viatu. Kijiwe kilimwita Gundi, maana akishakaa habanduki.

— Faili lipo, Mzee, jina lake linaonekana. Ila halifunguki. Wanasema programu aliyochorea Faridu ni ya zamani, kompyuta zao haziijui.

— Kwani hakuchapa hata karatasi moja?

— Alikataa. Alisema karatasi ni chakula cha mchwa, ndani ya kompyuta mchoro utadumu.

— Basi kweli, mchwa hawajaugusa.

Werema akaweka kikombe chini. Huyu alikuwa akipitisha mizigo ya malori mpakani Sirari, wakamwita Forodha.

— Aki Mama, hilo faili halina hati. Limezaliwa kwenye kompyuta moja, leo mnalipeleka nyingine. Lori likitoka Isebania, upande wa Kenya, bila mhuri, linaingia?

— Mhuri huo tugonge wapi? Mwanne aliuliza. Juu ya flashi?

— Mimi sijui unagongwa wapi. Mimi najua haupo.

— Limekauka hilo, Gundi alisema. Kitu kikikaa miaka kumi bila kuguswa kinakauka. Ngozi ya kiatu ni hivyo hivyo. Lipakeni mafuta kidogo lilainike.

Mwanne alitaka kucheka, akajikuta anawaza ni mafuta gani. Tangu juzi alikuwa ameambiwa mambo mengi, na kila moja lilikuwa na mtu wa kuliapia.

Hapo akatokea Ryoba, mchimbaji, yule waliyemwita Zebaki, amebeba begani mashine yake ya kunusia dhahabu.

— Leta hiyo flashi, Mama Kahawa. Tusibishane na hewa.

Mwanne akaifungua kwenye pindo na kuiweka kiganjani. Ryoba akapitisha mashine juu yake. Ikalia: tiiiii!

Benchi zima likainamia kiganja cha Mwanne.

— Mmesikia wenyewe!

— Mura, kijana wangu, hilo ni bati lake linalolia, Forodha alisema.

— Bati gani? Faridu alipima lile duka kwa futi wiki tatu. Duka gani linapimwa wiki tatu? Alikuwa anachora mwamba ulioko chini! Ndiyo maana akafunga faili lisifunguke.

— Lakini si wewe uliyechimba pale, ukatoka na udongo mtupu?

— Nilichimba vibaya, Mzee, kwa sababu sikuwa na mchoro!

Gundi akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeanza kushawishika.

— Dawa ni moja, Ryoba aliendelea. Kitu kigumu kinapitishwa karasha. Unga wake unaoshwa kwa zebaki, kilichomo kinashika.

— Mchoro nao unashika zebaki? Forodha aliuliza.

— Chochote chenye thamani kinashika.

Akanyoosha mkono. Mwanne akafumba kiganja.

— Ryoba, umeshaliangusha duka mara moja. Mara ya pili sitakuruhusu.

Ryoba akarudisha mkono, akajifanya anakagua mashine yake.

Kisha akafika Ezra, mwashi kutoka Mugumu, ambaye Mwanne alikuwa amemwita kwa ajili ya ujenzi. Akawasalimia wazee shikamoo, akatazama kifusi, kisha akatoa penseli sikioni.

— Mchoro upo?

— Upo! walijibu wote.

— Ila haufunguki, Mwanne aliongeza.

— Na nyie mmekaa hapa mkilitazama duka miaka mingapi?

— Mimi thelathini na mmoja, alisema Gundi kwa fahari.

— Basi nielezeni, nichore kwa mkono. Mbele lilikuwa na madirisha mangapi?

— Matatu, alisema Gundi.

— Manne, Mzee. Manne, alisema Forodha.

— Mimi nililijua kwa chini tu, alisema Ryoba.

Wote wakamgeukia Mwanne. Alizaliwa mle. Utoto wake wote yeye ndiye aliyeyafungua madirisha yale kila asubuhi. Akafumba macho, akaanza kuhesabu kwa vidole: la chumba cha bibi, la dukani, lile alilokuwa akikalia Faridu akila muwa. Au lile la Faridu ndilo hilo hilo la dukani? Akakunjua vidole, akaanza upya kutoka chumba cha bibi. Kahawa ikafurika, ikamwagikia makaa, na hakuna aliyeinuka kuiepua. Ezra alisubiri, ncha ya penseli ikigusa karatasi nyeupe.