Siku Nilipofuta Mbeya kwenye Fomu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mh, hiyo ni sauti ya watu waliotoka kwenye foleni ya mbolea. Bwana asifiwe! Haya, sasa nimewasikia. Mchungaji amenipa dakika kumi, na wanaonijua wameshaanza kucheka, maana mimi nikishika kipaza sauti sikiachii. Leo nitajitahidi. Nimekuja kushukuru, na nimekuja kutubu pia, na hilo la pili ndilo linalonitoa jasho.

Mnanijua wote. Mimi ni binti wa dereva wa lori, yule mzee wa benchi la tatu pale, mwenye koti la kahawia. Tangu nikiwa darasa la nne nilisema nitakuwa rubani, na kanisa hili halikunicheka. Mlinichangia, mkaniombea, nikaenda shule ya urubani, nikarudi na leseni. Haleluya! Halafu kazi ikakosekana. Ndugu zangu, miaka miwili nimekaa hapa Sumbawanga, leseni iko kwenye sanduku la mama, mimi nalima maharage na ulezi. Nikipita sokoni vijana wananiita, "Mambo, rubani! Leo unarusha jembe?" Nacheka nao, nikifika nyumbani nalia. Na leseni ya urubani ina muda wake. Usiporuka, inakufia mkononi.

Usaili niliitwa, siwezi kusema sikuitwa. Ule wa kwanza, mmoja wao alisoma karatasi zangu akauliza, "Kwenu Sumbawanga?" Nikasema ndiyo. Akawageukia wenzake: "Sasa huyu ndege ya nini? Si kwao wanazo nyungo!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Usaili wa pili, kampuni nyingine kabisa, habari ni ileile: "Jamani tusimuudhi, atatutumia radi." Kote sikupata. Labda sikujibu vizuri, sijui. Lakini shetani alininong'oneza kwamba kinachoninyima kazi ni jina la kwetu, lile la kusingiziwa uchawi, nami nikamkubalia.

Kwa hiyo nilipoitwa mara ya tatu, Dar es Salaam, kwenye kampuni ya ndege za mizigo, nilikuwa nimeshaamua. Leseni ilikuwa imebakiza wiki chache, nikikosa hapo basi tena. Fomu ikauliza nyumbani kwangu ni wapi. Nikaandika Mbeya. Tena kwa herufi kubwa! Na cheti cha kuzaliwa kikileta maneno, nilishapanga la kusema: nilizaliwa Sumbawanga wazazi wakiwa wanapita njia. Wanapita njia! Watu waliozaliwa hapa, wakaoana hapa, na makaburi ya babu zao yako hapa!

Nikaingia. Walikuwa wawili tu, kapteni mmoja mwenye mvi ambaye uso wake haucheki, na dada wa ofisini aliyekuwa anaandika. Kapteni akaniuliza ya injini, nikajibu. Ya mawingu na upepo, nikajibu. Kisha akaweka kalamu chini.

"Uko kwenye kiwanja cha nyanda za juu," akasema. "Saa saba mchana, jua kali. Ndege imeshafika kipimo chake. Mwenye mzigo analeta magunia mengine matano. Utafanya nini?"

Niwaeleze kidogo. Huku juu kwetu hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyozidishwa mzigo inaweza kukimbia mpaka kiwanja kinaisha haijanyanyuka. Nikamjibu kwamba nitakataa.

"Kila anayekaa kwenye kiti hicho anasema atakataa," akasema. "Bosi anakupigia simu. Anasema jana mwenzako alibeba. Mzigo ni samaki, wanaoza. Wewe nani alikufundisha kukataa?"

Ndugu zangu, nikamwona baba. Wakati wa likizo nilikuwa napanda naye lori, tunateremka bondeni Mtowisa kufuata mpunga. Madereva wengine walijaza mpaka bodi linalia, wakapanda nao mlima hivyohivyo. Baba hapana. Alikuwa na kipimo chake, na gunia likizidi analishusha pale chini ya mlima, atalirudia safari ya pili. Wafanyabiashara wakamtukana. Mwoga, mvivu, Mzee Nusu Mzigo! Hilo la mwisho msijifanye hamlijui, mnamwita hivyo mpaka leo. Siku moja mwenye mpunga alikasirika, akahamishia magunia yote kwenye lori la mwingine. Lile lori lilifika kona ya pili, likashindwa, likarudi nyuma na kulala kwenye mawe. Dereva alivunjika mguu, Mungu alimrehemu. Baba hakusema "si nilikwambia." Alimfunga ule mguu kwa kanga, tukampakia kwenye lori letu, tukampeleka hospitali.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu. Nikaanza, "Baba yangu ni dereva wa lori, huwa anapanda mlima mmoja..." Kapteni akauliza, "Mlima upi?"

Nikakwama. Nikiutaja wetu, fomu inanisuta. Nikitaja wa Mbeya, nimemnyang'anya baba mlima wake na jasho lake. Nikasema kimoyomoyo, Yesu nisaidie. Basi, sikuwa na maombi marefu zaidi ya hayo. Kisha nikasema, "Kapteni, nimedanganya kwenye hiyo fomu. Mimi si wa Mbeya. Mimi ni Mfipa wa Sumbawanga. Niliogopa kuchekwa."

Yule dada akaacha kuandika. Kapteni akaniangalia weee! Akasema, "Binti, rubani anayedanganya kwenye karatasi namwogopa kuliko injini mbovu."

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Lakini naomba nimalize habari ya baba, halafu nitaondoka mwenyewe."

Na niliimaliza! Nimesimama wima, sauti imetoka, machozi yanatoka na sikuyafuta. Nilitaja Mtowisa, nilitaja Sumbawanga mara nne, mara tano, hata pasipohitajika. Nikamwambia: huyo ndiye aliyenifundisha kukataa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda mlangoni.

"Rudi," akasema. Akasukuma fomu mezani pamoja na kalamu. "Futa hapo. Andika kwenu kwa mkono wako, weka sahihi pembeni. Kesho asubuhi nitakupima angani. Kule hakuna fomu."

Nilipimwa, ndugu zangu, na nilifaulu! Nimeajiriwa! Naanza kiti cha kulia, msaidizi wa rubani. Wameniambia wazi kwamba watanichunga kwa macho mawili kwa sababu ya ule uongo, na ni haki yao.

Lakini mkitoka hapa msiseme, "Mungu alimfungua kwa kumpa kazi." Hapana! Alinifungua kabla, mkono wangu ukiwa kwenye kitasa cha mlango, kazi sina, leseni inaisha, na moyo wangu mweupe kabisa. Ile aibu niliyobeba tangu kicheko cha kwanza ilikuwa imekwisha. Ndugu yangu unayeficha kwenu, unayeficha mama yako, unayeficha ulikotoka ili watu wakupokee, mwamini Yesu na useme ukweli leo. Mimi nilikuwa sina kitu cha kushikilia, na hakuniacha.

Sasa baba, ninalokuja nalo hili hulijui. Nilikuambia nimepata kazi, ukachinja jogoo, ukaita majirani, nami nikanyamaza. Kabla ya kupata kazi hiyo nilikukana kwa maandishi. Nisamehe, baba yangu.

Wiki ijayo nitakaa kwenye kile kiti. Siku mtu atakapoleta gunia la kuzidi, akaniuliza mimi ni nani hata nimkatalie, nitamwambia ni binti wa Mzee Nusu Mzigo, wa Sumbawanga. Baba, simama wakuone. Simama tu, usione haya. Jamani, mpigieni makofi mzee wangu!