Tabia ya Nzivo

Jana saa kumi na mbili jioni filimbi ililia kwenye kambi ya chifu, bendera ikaanza kushushwa, na barabara nzima ikasimama kama kawaida: mwenye mkokoteni, mwenye mandazi, hata wawili waliokuwa wakigombana. Ukitembea kabla ya filimbi ya pili unaitwa ndani, na utakavyotoka ni shauri yako. Ndipo Norah, mtoto wa Nabwire muuza kahawa, akajikongoja hadi kwenye jiko akalivuta birika. Nzivo, mchonga vinyago, alikuwa kando yake kabisa, mikono imenyooka ubavuni. Hakusogea, na mtoto akaungua mkono. Leo ni Jumapili, Nabwire ameenda kubadilisha bandeji, wazee wa benchi wanajimiminia kahawa wenyewe na kumjadili Nzivo, naye Nzivo ameketi papo hapo katikati yao.

Hakuwa amepata usingizi. Alikuja kwa sababu moja tu, amwone Nabwire ana kwa ana, ajue kama bado ana mahali kwenye benchi hili.

Shiundu, karani wa godauni anayeitwa Prof kwa sababu ya miwani, ndiye aliyefungua kesi. Binadamu, alisema, wameumbwa aina mbili, wa kuamrisha na wa kuamrishwa, na jambo lenyewe linategemea umezaliwa wa ngapi.

— Nzivo, kwenu wewe ni wa ngapi?

— Wa mwisho.

— Basi, akasema Prof, akanywa kahawa yake.

Andati hakukubali. Huyu ni bawabu wa kiwanda huko Baba Dogo, wanamwita Sajini ingawa jeshi ameliona kwenye gwaride tu. Kwake utiifu unakaa magotini. Mtu mwenye goti lililonyooka kupita kiasi, hata ukimweka alinde shimo la takataka atalilinda mpaka astaafu. Akamwambia Nzivo asimame waone. Nzivo akasimama hapo hapo.

— Si mnaona? Hata hajauliza kwa nini.

Prof akasema hilo linaunga mkono hoja yake pia. Kisha akaingia kwenye muthokoi, mahindi ya kukobolewa ya kwao Nzivo, Ukambani. Mtu aliyelelewa kwa chakula cha kungojwa mchana kutwa, alisema, hujifunza kungoja kabla hajajua kuongea. Andati akataka kujua basi mbona shemeji yake yeye Andati, Mbinya, Mkamba wa Machakos halisi, hawezi kungoja hata maji ya chai yachemke. Prof akafikiri, akasema huyo lazima alilelewa kwa mkate. Halafu akatoa la mwisho: mama yake Nzivo, akiwa na mimba, huenda alipita mbele ya ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, bendera ikipanda, akasimama, na mtoto akasimama naye huko ndani.

— Hiyo nayo noma, Andati akakiri.

Nzivo aliona aibu, lakini tuseme ukweli, moyo ulianza kumtulia. Kama ni maumbile, basi si makosa, nani atamlaumu mtu kwa urefu wa shingo yake? Akajikuta anawasaidia. Aliwaambia kwamba hata shuleni hakuwahi kuchapwa kwa kuchelewa, na Prof akaitikia kwa kichwa.

Pembeni ya benchi alikuwa ameketi Hashi, muuza mbuzi kutoka Kiamaiko, aliyepita kupata kahawa tu na hamjui yeyote pale. Alisikiliza mpaka kikombe kikaisha.

— Samahani wazee. Mama ya mtoto alikuwa wapi?

Prof mwenyewe jana alikuwa hapo hapo, kofia kifuani. Andati pia.

— Nilikuwa hapa.

Nabwire alikuwa nyuma yao, Norah mgongoni amelala, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi.

— Nilikuwa nimeshika kikombe cha Nzivo. Nilimwona mtoto wangu akienda kwa jiko. Nilimwona vizuri. Nikasema moyoni, acha filimbi ya pili ilie kwanza.

Akawatazama mmoja mmoja, akaishia kwa mwenye miwani.

— Prof, mimi ni aina gani?

Nzivo alisogea, akampisha kwenye benchi. Nabwire, ambaye hajawahi kuketi na wateja tangu aanze biashara, akaketi kando yake, akalia mbele yao wote bila kujificha.