Kiti cha Nyuma cha Honda ya Mogga

Moris, zima hiyo redio. Na wewe Harriet usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia, sogea huku, kaa upande huu wa kitanda nikuone uso. Nataka mmoja awe kulia kwangu na mwingine kushoto, na asiwepo wa kuniambia nipumzike, maana huko ninakokwenda nitapumzika mpaka nichoke. Akili ninayo bado na sauti ninayo kidogo. Ninayosema sasa ndiyo maneno yangu ya mwisho, mimi mama yenu Paska, mtu wa Ayivu niliyeolewa Koboko, na nayasema kwa Kiswahili kwa sababu baba yenu alishindwa Kilugbara na mimi nilikataa kuchekwa kwa Kikakwa changu, tukawalea ninyi kwa lugha ya sokoni.

Vya kugawa si vingi, nivimalize upesi. Shamba la muhogo la Ayivu ni la Harriet, kwa kuwa ndugu zangu walinipa mimi nami nampa binti yangu, na mjomba wenu Afedra analijua hilo. Nyumba hii ya Arua ni ya Moris pamoja na kibanda anachofanyia ufundi, ila chumba cha nyuma kisipangishwe, kibaki cha dada yako siku atakayokuja kulala. Mbuzi wapelekeni Abuku kwa shemeji yangu Tombe. Najua mnashangaa. Tombe alisimama kwenye matanga ya kaka yake, baba yenu, akasema mbele ya watu wote kwamba mwanamke wa Ayivu ndiye aliyemzuia Mogga mjini mpaka akafia huko, na neno lile nimekaa nalo kifuani nikilipika na kulipakua mwenyewe, na sasa limenichosha. Mpeni mbuzi na salamu zangu. Akianza kusema mwacheni aseme, mnamjua.

Sasa tuje kwenye pikipiki, maana ndiyo iliyowafunga midomo.

Wanangu, mimi naumwa, lakini ugonjwa huu haujaniumiza kama kuwasikia ninyi ndani ya nyumba moja mkipitia kwangu. Mama, mwambie Moris chakula kiko tayari. Mama, mwulize Harriet ufunguo ameweka wapi. Na mtu mwenyewe amekaa hapo hapo, anasikia, anangoja nimrudishie maneno ambayo yameshamfikia. Nimekuwa tarishi katika nyumba yangu. Nilikubali kwa sababu nilidhani mtachoka, hamkuchoka, nimechoka mimi. Nikiondoka hapa katikati ni nani atakayebeba hayo maneno? Hakuna. Mtanyamaziana mpaka mzeeke, na hilo ndilo ninaloliogopa, kufa kwenyewe sikuogopi hivyo.

Ile Honda baba yenu alikuja nayo Ayivu akiwa bwana shamba, amefunga vipando vya muhogo kwenye keria, vipando virefu vinagusa migomba pande zote mbili. Alishusha mzigo wake, akaniangalia, akasema, "Dada, sasa nyuma iko nafasi." Kiswahili chake kilikuwa hicho hicho cha jeshini alichorithi kwa babu yenu, hakikuongezeka hata siku moja. Nilipanda nikakaa upande kwa ajili ya gauni, na nilipofika nyumbani mama yangu alinitazama tu akaendelea kupepeta maharage. Tangu siku ile mzigo mkubwa wa mashine ile ulikuwa mimi. Nimekwenda nayo sokoni, Ombaci kwenye misa, Koboko kwenye misiba yao yote, na misiba yao haiishi.

Alipokufa tuliifunika gunia, ikakaa. Kisha Moris akasikia kwamba vijana wa Koboko, wale wanaorusha pikipiki juu ya vilima vya udongo watu wakipiga makofi, wataweka mbio za mashine za zamani tu, za kabla ya hizi za bodaboda. Akaitoa. Akavua taa, akavua madigadi, akatafuta shokapu ndefu za mbele, akafunga tairi za meno makubwa na usukani mpana, ekzosi akaipandisha juu isimeze matope. Mimi nilikuwa namwona kutoka jikoni, na sikumzuia, kwa sababu tangu msiba sikuwa nimemsikia akipiga mluzi, na siku zile alipiga.

Halafu Harriet akaja Krismasi. Akakuta keria ya baba yake imelala chini, na ndugu yake amechora chaki kwenye fremu, pale nyuma, grenda ya kukatia chuma ipite hapo, mkia uondoke na kiti kirefu kiondoke. Wewe Harriet ukamwambia, "Unamkata baba." Naye akakujibu, "Baba alikufa, hii iko chuma tu." Basi. Ilikuwa hivyo tu. Moris akarudisha gunia, na mpaka leo ile Honda imesimama vile, mbele ni ya mashindano, nyuma ni ya baba yenu, haiwezi kwenda shambani wala haiwezi kwenda kwenye mbio.

Harriet, mwanangu, wewe una moyo wa kutunza, mpaka miwani ya baba yako iliyovunjika umeifungia kabatini. Lakini kwenye hili umekosea. Kile kiti unachokililia baba yako hakuwahi kukikalia. Yeye alikaa mbele. Kule nyuma nilikaa mimi, na alama iliyobonyea pale ni yangu, kwa hiyo kiti kile ni changu na nitakirithisha ninavyotaka. Na mashine yenyewe baba yako hakuiacha hata mwaka mmoja bila kuichokoza. Tangi unalolijua lilitoka kwenye nyingine. Angemkuta Moris na chaki yake angemnyang'anya aonyeshe pa kukata.

Moris, usicheke, nakuja kwako. Hukumwuliza dada yako. Hukuniuliza mimi. Ulichukua tu chaki. Kisha ukasema ni chuma tu. Kama ni chuma tu, kibandani kwako kuna vyuma mpaka kuku hawana pa kupita, mbona hukuchukua vile? Ulitaka hii kwa sababu ni yake, ulitaka kumpeleka mahali ambapo watu watampigia makofi. Ungemwambia dada yako hivyo, angeelewa. Hukusema, na mimi nimekungoja useme.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Hukumu yangu ni hii. Mashine ikatwe. Lakini kwanza inipeleke Abuku, leo, kabla jua halijashuka, nilale karibu na kaburi la Mogga. Gari sitaki. Ndani ya gari mtakaa kila mmoja na dirisha lake. Mmeona wagonjwa wanavyobebwa kwenye boda, dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma amemshika. Moris utaendesha. Harriet utakaa nyuma yangu, mikono yako ipite kwangu ifike kiunoni kwa kaka yako, kwa sababu mimi nguvu za kushika sina. Shokapu za mbele zimeinuka, kwa hiyo nitakulalia kifuani, vumilia. Lami ni nzuri mpaka Koboko. Tukikata kwenda Abuku kuna mawe, hapo Moris nenda polepole.

Mkishanizika, rudini nayo. Moris ashike grenda, na Harriet ndiye ashike fremu isitikisike, asiitwe kijana mwingine kusaidia. Siku ya mbio uende, Harriet. Usimame mahali atakapokuona.

Leteni vichwa vyenu. Mungu aliyenipa ninyi wawili awatunze. Mikono yenu isikose kazi, meza zenu zisikose mtu. Mkikasirikiana mkasirikiane kwa maneno, mtukanane kama mnataka, lakini msinyamaze. Nimewasamehe, nanyi nisameheni. Ninawapenda, na ninasikitika kuwaacha... nasikitika sana.

Haya Moris, nenda kaitoe. Angalia mafuta. Usilie juu ya injini, nenda.

Ameshatoka? Funga mlango, Harriet. Njoo karibu, sauti... inakwisha.

Njia ni ndefu kwangu. Mimi naijua hali yangu, nawe unaijua, uliniosha asubuhi ukaona miguu ilivyo. Nikinyamaza njiani, usipige kelele. Usimguse begani. Akijua ataangusha mashine, ataona macho yamejaa maji na malori yanakuja. Wewe nishike tu... kaza mikono, kichwa changu kisianguke. Watu wakitusalimu, itikia.

Mwache aendeshe mpaka uani kwa Tombe. Azime injini. Ndipo umwambie. Usimtume Tombe, usimtume mtu, hakuna wa kutumwa tena. Umwambie wewe.

Na kabla ya kumwambia, mwite jina. Hajalisikia kwako tangu Krismasi.