Nilipanda Paa Mama Mkwe Akiwa Mochari

Asifiwe Bwana anayejua nyumba ya kila mmoja wetu inavuja wapi! Ndugu zangu, naona wengine mmeitikia kwa nusu mdomo. Sababu naijua. Habari zangu mmezisikia sokoni Malava kabla ya kuzisikia kwangu, na leo mmekuja kuona kama nitaomba msamaha. Sikuja kuomba msamaha. Naitwa Phanice, mjane wa Shikuku, mama wa watoto watatu, na nimesimama hapa kusema vile Mungu alinitoa kwa kifungo cha kuogopa watu.

Nianze na makosa yangu mwenyewe. Shikuku wangu alikuwa mkata miwa. Kila akilipwa alinunua bati moja, mawili, akayaweka chini ya kitanda, maana nyumba yetu ya udongo ilikuwa imeoza juu na tulikuwa tumechoka kulala na sufuria za kukinga maji katikati yetu. Alikuwa amebakisha mabati machache tu ya kununua wakati kifua kilimshika, akafa. Watu wa ukoo wakaja wakasema mwanamume hazikwi kimya kimya. Ndugu zangu, hakuna aliyenishika mkono kwa nguvu. Mimi mwenyewe ndiye nilisema yauzwe. Nilitaka watu waende wakisema Phanice amemzika mume wake vizuri. Mabati yakauzwa yote, tukaleta tenti, tukaleta muziki, ng'ombe akachinjwa, watu wakala siku tatu. Na nilijivuna, nisiwadanganye. Siku ya nne tenti likapakiwa likaenda, na jioni mvua ikanyesha. Nikalala na watoto na mama mkwe wangu, Mama Rasoa, tumebanana sote kwenye pembe moja iliyobaki kavu. Katika wote waliokula, hakuna aliyerudi kuuliza tumelala vipi.

Miaka ikaenda hivyo. Sifa, mtoto wangu wa kwanza, akalazwa hospitali na nimonia mara mbili. Nilikuwa nafanya vibarua kwenye mashamba ya miwa, na kila wiki kulikuwa na matanga mahali, na kila matanga nilikuwa natoanga mchango, kwa sababu nisipotoa, nani atakuja kwangu? Hapo ndipo shirika moja likaanza kukutana na sisi wanawake tusio na kitu. Nilienda mbio kwa sababu nilisikia wanajengea watu nyumba. Nilidhani ni ya kupewa. Kumbe!

Mwalimu wao, msichana anaitwa Jentrix, alifika kwangu na gambuti zake zimejaa matope, akaniomba mahindi. Nikafikiri ana njaa. Akaniambia nipukuchue, niweke punje chini, kila punje ni shilingi mia niliyotumia tangu Krismasi: hapa chakula, hapa shule, hapa hospitali, hapa matanga ya watu. Mama Rasoa akavuta kiti karibu ili anikumbushe nilizosahau. Tulipomaliza, lundo la matanga lilikuwa kubwa kuliko la shule na la hospitali yakiwekwa pamoja. Upande wa nyumba hapakuwa na punje hata moja. Mama Rasoa akaangalia, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema, "Phanice, sisi tunalisha matanga ya Malava nzima." Mimi sikucheka. Nilikasirika, na hasira ile nasema ilitoka kwa Mungu.

Sharti la shirika lilikuwa kwamba familia inajenga kuta zake yenyewe, kidogo kidogo, kwa kile inachoweka akiba. Kuta zikifika juu, wao wanaleta mbao, mabati na misumari. Jentrix alinifundisha kutenga pesa ya nyumba siku ile ile ya malipo, kabla mtu hajanipigia simu ya mchango. Akanifundisha kusema mwezi huu sina, halafu ninyamaze, bila kueleza. Jaribuni, ndugu zangu! Kufunga na kuomba ni rahisi zaidi. Nikaanza kuitwa mchoyo. Nikaambiwa nimeingia dini ingine. Ndani ya kanisa hili hili kuna wamama waliacha kunisalimia, na mnajijua. Lakini mimi na Mama Rasoa tulikuwa tunapiga matofali. Yeye na yale magoti yake mabovu alichota maji mtoni, nikimkataza ananitukana. Alisema anataka siku moja asikie mvua ikigonga mabati juu yake, naye amelala pakavu. Hakutaka kingine.

Kuta zikafika juu. Mbao zikaletwa, fundi akazifunga. Mabati yakaletwa siku ya Jumatatu. Jumatano Mama Rasoa akafa, ndani ya ile nyumba inayovuja, hatua ishirini tu kutoka kwa kuta mpya. Nililia mpaka sauti ikaisha. Nilimuuliza Mungu maswali ambayo sitayarudia hapa mbele ya watoto.

Ijumaa shemeji yangu Wycliffe, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, akaja na wazee wa ukoo na mkokoteni. Mkokoteni, ndugu zangu! Walikuwa wameshaongea hata na mtu wa kununua mabati. Wakasema mama yao yuko mochari, hawezi kuzikwa kama mtu asiye na watoto, na mali iko hapa imelala bure. Wycliffe akaongeza kwamba nikikataa, nikumbuke boma hili ni la baba yao, nichukue watoto nirudi kwetu Mayoni.

Nikaenda nyuma ya jikoni, nikampigia Jentrix simu. Nilitaka anisaidie kusema uongo, awaambie mabati bado ni ya shirika. Akakataa. Akasema, "Mama Sifa, mabati ni yako. Ukiuza ni wewe, ukiezeka ni wewe." Siku hiyo nilimkasirikia sana. Leo namwombea baraka.

Msifikiri nilikuwa shujaa. Nilijua nikiuza, Sifa na wadogo zake watalala kwenye maji mpaka wawe watu wazima. Nikikataa, huenda tusiwe hata na hapo pa kulala. Nikasema, Yesu, mimi sina mwanamume wa kunisemea, nisemee wewe. Kisha nikarudi, nikaketi juu ya mabati kama kuku juu ya mayai yake. Nikamwangalia Wycliffe machoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya tangu niolewe, nikamwambia, "Mama alinyeshewa miaka yote hii mkipita hapo barabarani mkimsalimia. Sasa amekufa, ndiyo mnamtafutia tenti?"

Mzee mmoja akakohoa, mwingine akaangalia viatu vyake. Nilikaa pale mpaka jua likanichoma, na mwishowe mkokoteni ukatoka ukiwa mtupu. Wycliffe alienda akiapa kwamba tutaonana.

Nikamwita fundi siku hiyo hiyo, kabla moyo haujanirudi nyuma. Akafika, akasikia kuna maiti mochari, akaweka nyundo chini. Akasema boma lenye msiba halipigwi nyundo, atarudi baada ya mazishi. Baada ya mazishi mabati yangekuwa wapi? Basi nikaokota ile nyundo, nikajifunga leso kiunoni, nikapanda ngazi. Ndiyo, mimi mwanamke! Sote hapa tumelelewa tukiambiwa mwanamke hapandi juu ya nyumba, ataletea ukoo laana. Nilipanda nikilia, nikimwambia Yesu kama kuna laana, ianze na mimi na iwaache watoto. Bati la kwanza nilipigilia likakaa upande, na mpaka leo limekaa upande, nendeni mkaangalie. Majirani walisimama kwenye ua wameshika vichwa. Laana haikuja. Fundi ndiye aliyeshikwa na aibu. Nikiwa kwenye bati la tatu nikamwona amepanda nyuma yangu, akaniomba nishuke kabla sijaharibu yote. Kufikia Jumatatu nyumba ilikuwa imeezekwa.

Tulimzika Mama Rasoa Jumamosi iliyofuata. Hapakuwa na tenti, hapakuwa na muziki. Kulikuwa na chai, na nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na nyimbo za wamama. Kuna waliokuja wakachungulia sufuria wakaenda zao. Waliobaki ni wale waliompenda, na walijaza uwanja. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, mvua yetu ya saa tisa ikashuka kwa fujo, na watu wote wakakimbilia nyumba mpya. Wycliffe alikuwa miongoni mwao, suti imemlowa. Nilimpa kiti. Nilimpa chai. Hatukuongea, maana mvua iligonga mabati hivi kwamba hakuna mtu angesikia kitu. Mimi nilisimama dirishani nikilia, kwa sababu ile sauti ilikuwa ya Mama Rasoa kusikia, na hakuisikia. Kidonda hicho bado ninacho, ndugu zangu. Sitasimama madhabahuni niwaambie kimepona.

Wycliffe bado hanisalimii vizuri, lakini hakuna aliyetuondoa. Watoto wangu wanalala pakavu. Sifa hajarudi hospitali. Namshukuru Mungu, nalishukuru lile shirika na yule msichana wa gambuti aliyekataa kunidanganyia. Ikiwa huo ni uchoyo, basi mimi ni mchoyo, na Bwana ameubariki!

Sasa nina neno la mwisho, na mchungaji nakuomba uliandike. Siku nikifa, mimi Phanice, nizikeni kwa chai na nyoyo. Atakayekuja kugusa hata bati moja juu ya watoto wangu, nyinyi mlioketi hapa mumkatalie, maana mmenisikia kwa masikio yenu na hamtasema hamkujua. Na wewe mama unayejificha huko nyuma, unayeweka kidogo kidogo ya nyumba na unaogopa watu watasema nini: watasema. Waache waseme. Mtegemee yule aliyenishika mimi nisianguke, anza kesho. Wakikuita mchoyo na kukuhama, njoo Jumapili ukae na mimi benchi hili la mbele. Mnaona wenyewe lina nafasi.