Jina la Mama Mkwe

"Kitanda hakizai haramu," mzee mmoja alisema ndani ya basi la kutoka Kitale. "Mtoto wa ndoa ni wa bwana. Sheria imesema."

"Hiyo ni ya zamani, mzee," jirani yake akacheka, kama mtu aliyebeba mashine ya kupimia mfukoni. "Siku hizi si wanapima damu? Wangu nitawapima wote, bana."

Nyuma yao, Gathoni alimkumbatia binti yake mchanga. Mumewe, Muigai, hakujua huyo si damu yake. Alikuwa amempa jina la mamake mzazi, Wangechi, kwa mila yao ya Kikuyu.

Basi liliposimama Bungoma, ubishi haukuwa umekwisha. Muigai, aliyekuwa akiwasubiri kituoni, aliingiza mikono dirishani. "Nipe mama yangu," alisema. "Nione kama amezidi kufanana nami."

Mikono ya Gathoni ilikataa kumwachia.