Papa Polycarpe Mbonigaba na Miyenzi ya Pori la Leta

Ndugu, jirani na rafiki mliopanda mpaka hapa Kirolirwe, jamaa inawasomea maisha ya Papa yetu, na tunaomba mumsikilize, hata ninyi mliokuwa hammsalimu tena.

Papa Polycarpe Mbonigaba alizaliwa hapa mwaka 1908, akasoma kwa mapadri mpaka darasa la tatu, akabatizwa, na tarehe 9 Februari 1931 akafunga ndoa na Mama Rosalie Mukandori, wakapata watoto watano, ambao wawili walitangulia.

Mwaka 1946 aliajiriwa kulinda pori lililo juu ya mashamba yetu, lenye mianzi kileleni, nyani, asali, na chemchemi zinazotelemka upande wa Walikale. Agronomu wa serikali, bwana wa mambo ya kilimo, Bwana Gustave, alimwagiza apande uzio wa miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, chini ya mashamba ya maharagwe, akamwambia mbele ya watu: "Polycarpe, panda tu, ng'ombe ya wazungu haitapita, huku juu njo kwenu." Kwa kuwa kwetu miyenzi hupandwa na mwenye uwanja, na kilicho ndani ni chake, Papa aliwaita jirani wote, wakapanda kwa furaha, wakicheka na kunywa pombe ya ndizi.

Tarehe 3 Julai 1948 serikali ilitangaza kwamba yote yaliyo juu ya miyenzi, mashamba na mianzi pamoja, ni pori la Leta, yaani mali ya serikali. Papa alimtazama Bwana Gustave, naye akatazama viatu vyake. Tangu siku hiyo Kanyamibwa, kaka ya Mama Rosalie, akimwona sokoni alipaza sauti: "Mupishe Papa Miyenzi, alitufungia inje ya kwetu!"

Mwaka 1951 alikataa kuwakamata wanawake waliokata mianzi, akafukuzwa kazi, na binti yake Verdiane akatolewa shuleni. Mwaka 1955 kifua kilianza kumsumbua, na tarehe 14 Machi 1957 alifariki, akiwa amemwomba Mama Rosalie jambo moja tu, kwamba leo isemwe wazi kuwa hakujua miyenzi ile itageuzwa mpaka wa pori. Alidanganywa kama ninyi, tena kwa mikono yake mwenyewe.

Tunamshukuru daktari na masista wa dispensari, jirani mliolala hapa msibani, na walinzi wenzake mliokuja, ingawa alipofukuzwa mlinyamaza. Tunamshukuru zaidi mjomba Kanyamibwa, aliyetupa mahali pa kumzika, kwa maana shamba la Papa liko juu ya miyenzi, na Leta imekataza kaburi lisichimbwe huko.

Papa, pumzika hapa kwa shemeji yako, na amani uliyonyimwa kwako uipate kwake.