Nyuso za Nyuma ya Picha za Gwenolé Kerbrat

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Anayemenya viazi aendelee kumenya, atasikia hivyo hivyo. Leo tunamkumbuka Gwenolé Kerbrat, mchoraji wetu wa Lanvenn, tuliyemzika Jumanne. Nawaambia mapema: mimi mwenyewe sijamwelewa. Nimekaa na habari zake wiki nzima, kichwa kinaniuma.

Tuanze na tunachokijua. Gwenolé alizaliwa hapa, akafia hapa, nyumba ile ile, akilishwa na mkono ule ule wa dada yake mkubwa, Katell. Alikuwa wa kile kizazi cha wachoraji waliochoka kupaka mwanga kama jicho linavyouona. Wao walipaka rangi waliyoihisi. Bahari akaipaka manjano. Shamba la ngano nyeusi akalipaka jekundu. Watu wa Paris wakasema huyu ni bingwa. Sisi huku tukasema amezidisha pombe ya matufaa.

Na watu hakuwachora. Shikeni hapo: watu hakuwachora. Ujanani alimchora Jakez, mvuvi, mashavu yakatoka kijani. Naig, mke wa Jakez, akamjia juu katikati ya soko: "We Gwenolé! Mume wangu mzima, unamchora kama maiti?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Majira ya baridi yaliyofuata bahari ikamchukua Jakez, na mwili haukuonekana. Naig akasema ile picha ilikuwa mkosi. Gwenolé akaapa hatamchora tena mtu wa Lanvenn. Tangu hapo ni miamba, mashamba na mawimbi tu. Ndivyo tulivyoamini sote.

Sasa sikilizeni mambo yalivyovurugika. Mnajua kwetu mtu akifa vioo hugeuzwa vikatazama ukuta, roho isije ikajiona humo ikashindwa kuondoka. Naig, ambaye siku hizi ni bibi na ni jirani yao, alikuja kumsaidia Katell. Akageuza vioo. Halafu akageuza na picha! Nilipomuuliza, alinijia juu na mimi.

"Zimepakwa vanishi, mwanangu, zinang'aa. Ningejuaje roho inajitazamia wapi?"

Basi tulipoingia kumuaga marehemu, tulikutana na migongo ya maturubai, vile vitambaa alivyochorea. Na kila mgongo ulikuwa na uso wa mtu. Mwokaji. Padri. Mimi hapa na masikio yangu haya, enzi za shule. Na Jakez. Naig alisimama mbele ya mashavu yale ya kijani, akatikisa kichwa.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Akirudi baharini na baridi imempiga, ndivyo alivyokuwa kabisa." Akaangua kilio.

Katell hakulia. Alikuwa akizunguka ukuta hadi ukuta, anainama, anatazama, anakwenda kwenye picha nyingine. Nikamuuliza, "Bibi Katell, unatafuta nini?"

"Najitafuta."

Hakujiona. Mwanamke aliyempikia, akamfulia, akakataa kuolewa kwa ajili yake, hayumo. "Hata mwokaji yumo," akaniambia. "Aliyekuwa akimuuzia mkate wa jana! Mimi nilimkosea nini?" Niliona aibu kama vile ni mimi niliyemsahau.

Baada ya mazishi akaja bwana wa makumbusho kutoka Paris, kijana mwenye adabu zake, kuzinunua zote. Katell akamwambia, "Chukua, bwana mdogo. Mimi simo humo." Kijana akaeleza kazi yao: maturubai makuukuu hubandikwa turubai jipya mgongoni, kwa gundi na pasi ya moto, yasipasuke.

Naig akaruka. "Ala! Na nyuso je?"

"Mama, watazamaji hutazama mbele." Kisha akasita. Akatuambia kwamba "Shamba Jekundu", ile picha maarufu, ya kwanza kabisa Gwenolé kuuza, aliibandika yeye kijana mwenyewe kwa mikono yake. "Nyuma alikuwepo mwanamke. Kofia ya lesi, ameinamia sufuria, amekunja uso. Ana kovu kidevuni."

Katell akashika kidevu chake.

"Bado yupo?"

"Yupo, Mama. Ila gundi ile haibanduki bila kumbandua na yeye."

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kwa nini aliuza ile? Mwaka ule dhoruba iling'oa paa lao. Pengine alimuuza dada yake ili apate kumfunika. Pengine hata hakugeuza kutazama. Na hizi nyingine, alitaka tuzione au tusizione? Sijui. Kweli sijui.

Katell hakuuza. Alimpa kijana mikate myembamba ya ngano nyeusi, akamtakia safari njema. Vioo vimerudishwa kama ada inavyotaka. Picha zimeachwa vile vile, na mlango uko wazi, kila mtu aende akamwone wake.

Pole sana, Bibi Katell. Pole kwa jamaa wote wa Kerbrat. Na ninyi mnaonisikia, mtazameni anayewapakulia leo, mtazameni sawasawa, na mwambieni kwamba mnamwona. Mkifika Paris mkasimama mbele ya "Shamba Jekundu", vueni kofia. Nyuma yake kuna dada wa watu.

Nilimuuliza Katell kama ana neno la kuwaambia. Alifikiri kidogo, akasema, "Waambie sikuwa nimekasirika. Ulikuwa moshi wa jiko tu."